Lango Lisilo na Mtambaapanya: Kandanda na Falsafa Kivulini mwa Ngome ya Yesu

Msamiati wa kandanda katika Kiswahili umetokana kwa kiasi kikubwa na mambo mawili ambayo Mombasa imeyajua kwa karne nyingi, nayo ni nyumba na vita. Safu ya walinzi huitwa ngome. Shabaha ya washambulizi huitwa lango, na anayelisimamia ni mlinda lango. Mti wa juu unaoiunganisha milingoti miwili huitwa mtambaapanya, jina lililoazimwa kutoka katika paa la nyumba, kwenye ule mti ambao panya huutambaa usiku watu wakiwa wamelala. Mtangazaji wa redio akisema kwamba ngome imevunjwa na lango limeachwa wazi, msikilizaji aliyeketi mwanzo wa Ndia Kuu hana haja ya kufasiriwa. Akigeuza shingo ataiona ngome yenyewe, na lango lake. Ukaribu huu wa maneno unaweza kumfanya mtu adhani kwamba kandanda ni vita vilivyopunguzwa makali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro yenyewe inafunua jambo la maana kuhusu sheria, ukweli na utu, na hata kuhusu kazi ya uhakiki wa fasihi.

Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya msanifu wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati. Historia yake ni historia ya lango lililogombewa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliwatoa Wareno humo. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ilizingirwa na majeshi ya Oman mpaka ikaanguka, baada ya njaa na maradhi kuwamaliza wengi zaidi ya walioangushwa na silaha. Mwaka 1728 Wareno waliirejea kwa muda mfupi. Baadaye ikawa makao ya utawala wa Mazrui hadi waliposhindwa na Seyyid Said mwaka 1837. Mwaka 1875 ilipigwa mizinga na Waingereza, ambao kuanzia 1895 hadi 1958 waliitumia kama gereza. Katika mapambano yote hayo hapakuwa na makubaliano juu ya idadi ya wapiganaji, wala urefu wa pambano, wala umbali wa kupigania. Kila upande ulitaka upande wa pili utoweke. Aliyeshinda hakumngojea aliyeshindwa arudi Jumamosi ya pili.

Kandanda haiwezi kuwa hivyo. Jean-Paul Sartre aliwahi kudokeza, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake, kwamba katika mchezo wa mpira kila jambo hutatizwa na kuwako kwa timu ya pili. Mzaha huo ukichunguzwa utaonekana una upande mwingine: bila timu hiyo ya pili hakuna cha kutatizwa. Mpinzani ndiye anayeufanya mchezo uwe mchezo. Kabla timu mbili hazijashindana, zimekwisha kukubaliana juu ya mambo mengi mno: mpaka uko wapi, mkono unaruhusiwa kwa nani, ni lipi litakalohesabiwa kuwa bao. Ushindani wao umejengwa juu ya mwafaka.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu maana ya michezo, alieleza kwamba kucheza ni kujitahidi kwa hiari kuvishinda vikwazo visivyo vya lazima. Anayetaka tu mpira uingie langoni angeweza kuuchukua kwa mikono usiku wa manane na kuuweka humo. Hakuna afanyaye hivyo, kwa sababu kinachotafutwa si mpira kuwa ndani ya lango. Kinachotafutwa ni kuufikisha huko kwa njia ngumu ambayo watu wameichagua wenyewe.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatakuwa mgeni wa wazo hili. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa baina ya mwaka 1776 na 1840 na kushuhudia siku za mwisho za utawala wa Mazrui, alikuwa na mengi ya kuwaambia watu wa Lamu na wa Unguja. Angeweza kuyasema kwa nathari na yakafahamika. Badala yake aliyafunga katika mishororo minne, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikichungwa. Aliyetaka kumjibu naye alitarajiwa aingie katika uwanja huohuo na kubeba mzigo uleule. Malumbano ya washairi yalikuwa na uadui wa kweli wa kisiasa ndani yake, na pengine nyuma yake palikuwa na majahazi na bunduki. Hata hivyo, ubeti wa mpinzani ulihifadhiwa, ukakaririwa, ukajibiwa. Kumjibu mtu kwa bahari aliyoitumia ni kumkiri kwamba yuko na kwamba neno lake lina uzito. Hii ndiyo tofauti baina ya ulumbi na mzingiro, na ndiyo tofauti baina ya kandanda na vita.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi pale ambapo kandanda imevuliwa mapambo yake yote. Katika vichochoro vya Kibokoni na Kuze, na popote penye upenyo wa kutosha baina ya kuta za Mji wa Kale, watoto hucheza mpira wa vitambaa au makaratasi yaliyokazwa kwa kamba. Hapana mwamuzi, hapana wavu, hapana chokaa. Lango ni champali mbili zilizowekwa chini kwa hatua zilizohesabiwa. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba champali zinaweza kuonyesha upana wa lango, ila haziwezi kuonyesha kimo chake. Lango la kichochoroni halina mtambaapanya.

Mtu anaweza kudhani kwamba huu ni upungufu wa umaskini. Historia yasema vingine. Chama cha Soka cha England kilipoandika sheria zake za kwanza mwaka 1863, lango lilikuwa milingoti miwili mitupu, na mpira uliopita baina yake ulihesabiwa kuwa bao kwa kimo chochote. Mwaka 1866 ulifungwa utepe baina ya milingoti. Mti wa juu ukawa wa lazima mwaka 1882, na vile vipimo vijulikanavyo, mita 7.32 kwa mita 2.44, ndivyo vinavyotumika hadi leo. Mwaka 1891 ndipo mwamuzi alipoingizwa ndani ya uwanja akiwa na mamlaka kamili. Awali ilidhaniwa kwamba waungwana wanaocheza watamaliza tofauti zao wenyewe. Kwa hiyo mtoto wa Kibokoni hachezi kandanda pungufu. Anacheza kandanda ya kabla ya mwaka 1866, na ameitatua kwa namna yake shida iliyowafanya Waingereza wafunge utepe.

Utatuzi wake ni huu: kimo cha lango ni pale mkono wa mlinda lango unapoweza kufika. Mpira uliopita juu ya upeo huo si bao. Maana yake ni kwamba lango hubadilika kimo kila anapobadilika anayelilinda. Akisimama mtoto wa miaka minane, lango ni fupi. Akisimama kaka yake, linarefuka. Mwenye kuzoea sheria za maandishi ataona kwamba kipimo kinachobadilika si kipimo. Lakini Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, alikitetea kipimo cha namna hii. Alisema kwamba sheria husema kwa ujumla, ilhali maisha huja kwa matukio mojamoja, na kwa sababu hiyo pana haja ya insafu, ambayo huisahihisha sheria pale ujumla wake unapomdhulumu mtu. Mfano alioutoa ni wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia rula ya risasi iliyoweza kupindika kulifuata umbo la jiwe. Waashi waliojenga kwa matumbawe katika pwani hii hawahitaji kuelezwa mfano huo, kwani tumbawe halijawahi kuwa na ubavu ulionyooka. Mkono wa mlinda lango ndio rula ya risasi ya kichochoro. Lengo halikuhamishwa kwa hila. Limepimwa kwa haki ya yule anayelilinda.

Hapa ndipo linapozuka tatizo ambalo ni la falsafa halisi. Mpira umepita juu, karibu na upeo. Washambulizi hudai ni bao, walinzi hukana. Mzozo wa aina hii una mwendo wake unaojulikana na kila aliyekulia mitaa hiyo.

“Ulipita juu!”

“Haukupita. Wewe hukuruka.”

“Ningeruka nisingeufikia.”

Pengine huitwa mpita njia: “Ami, hebu tuamulie.” Naye, kama ni mtu wa busara, hujibu neno moja na kushika njia yake: “Muulizeni mwenye mkono.”

Jibu hilo ni zito kuliko linavyosikika. Swali lililo mbele ya watoto si kama mpira ulipita mahali fulani, jambo ambalo wote waliliona. Swali ni kama mkono ambao haukunyooshwa ungeufikia lau ungenyooshwa. Ni swali juu ya jambo ambalo halikutokea. Anayelijua jibu lake kwa ukaribu zaidi ni mmoja tu, naye ndiye ambaye jibu la kweli laweza kumgharimu. Shahidi ndiye mshitakiwa. Mahakama yoyote ya kawaida ingeuona ushahidi wa namna hiyo kuwa dhaifu, lakini kichochoro hakina mwingine. Mchezo mzima, basi, umewekwa juu ya uwezekano kwamba mtoto atasema, “Ningeufikia, ni bao.” Asemapo hivyo, hakuna aliyemlazimisha. Amelitoa neno dhidi ya maslahi yake ili mchezo uendelee.

Albert Camus alikuwa mlinda lango wa vijana wa Racing Universitaire d'Alger huko Algeria, hadi kifua kikuu kilipomwondoa uwanjani mwaka 1930. Baadaye, akiwa mwandishi mashuhuri, alisema kwamba yale aliyoyajua kwa yakini zaidi juu ya maadili na wajibu wa mtu alikuwa na deni nayo kwa kandanda. Kauli hiyo hurudiwa mara nyingi kama pambo. Ikiwekwa mbele ya champali mbili za Kibokoni inapata mwili. Maadili hayo hayatokani na kuitii amri ya mwamuzi, maana hayupo. Yanatokana na kujua kwamba ukweli umeachwa mikononi mwako na wenzako wanangoja. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Mombasa aliyetunga utenzi mzima juu ya kauli kwamba mtu ni utu, aliuchukulia utu kuwa jambo linalotendwa. Kuzaliwa mtu pekee hakutoshi. Mlinda lango anayekiri ameutenda.

Mfano huu waweza pia kutoa mwanga juu ya mgogoro mkubwa wa ushairi wa Kiswahili. Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, diwani iliyoacha vina na mizani. Na kwa miaka mingi wahakiki wakagawanyika baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Aghalabu mjadala uliendeshwa kana kwamba pana njia mbili tu, ama mtambaapanya wa chuma ama hapana lango. Ludwig Wittgenstein aliwahi kuwaza watu wanaochezea mpira uwanjani, wakianza mchezo huu na kuuacha, wakizitunga kanuni huku wakiendelea, akauliza kama ni sahihi kusema kwamba kila rusho lao lilifuata kanuni thabiti. Mchezo wa kichochoro unaonyesha njia ya tatu. Kanuni ipo na inafunga; kwa kuwa inamfunga kila mtu kwa kadiri ya mkono wake, haiwezi kuandikwa kwa mita. Shairi huru nalo, likiwa shairi kweli, lina upeo wa mkono wake, na ni wajibu wa mtunzi kukiri pale aliposhindwa kuufikia. Msomaji hana budi kumuuliza mwenye mkono.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo kwa kukisifu kichochoro. Insafu, hata hivyo, ina maadui wake, na baadhi yao wamo kichochoroni humohumo. Wa kwanza ni mwenye mpira. Kila aliyecheza anajua kwamba mtoto mwenye mpira akikasirika huuchukua na kwenda kwao, na kwa hivyo upeo wa mkono wake una kawaida ya kurefuka na kufupika kwa manufaa yake. Sheria za maandishi hazikuzuka kwa sababu watu waliichukia insafu. Zilizuka kwa sababu wenye nguvu waliigeuza kuwa upendeleo. Wa pili ni mazoea yanayoamua nani aingie uwanjani kabisa. Kwa muda mrefu mpira wa vichochoro umekuwa wa wavulana, na hakuna mkono wa msichana uliopimiwa lango. Shirika lililoanzishwa Kilifi mwaka 2001 kwa ajili ya wasichana wa pwani kucheza kandanda lilijiita Moving the Goalposts, yaani kuhamisha milingoti. Katika Kiingereza usemi huo ni lawama kwa anayebadilisha masharti katikati ya shindano. Waanzilishi waliigeuza lawama kuwa dai la haki, na Aristotle angewafahamu: lango lililowekwa bila kumfikiria mtu fulani halina budi kuhamishwa ndipo mtu huyo aweze kucheza.

Adui wa tatu ni mgeni zaidi, naye anahusu baraza. Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya kufalsafa Mombasa, alionyesha kwamba baraza za Mji wa Kale ni mahali ambapo fikra hujengwa kwa hoja, hupingwa na kusafishwa mbele ya watu wanaojuana. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye alitofautisha baina ya mwenye hekima anayeijua hekima ya watu wake na mwenye hekima anayeihoji. Katika mazungumzo ya kandanda barazani, kahawa chungu ikipita, aina zote mbili hupatikana. Yuko anayejua kwamba Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya ligi kuanzishwa. Yuko pia anayeuliza ubingwa huo uliufanyia nini mji, na kwa nini vijana wa leo huyajua majina ya walinzi wa timu za England kuliko ya timu za Pwani. Baraza njema huwahitaji wote wawili, kwa kuwa swali lisilo na habari ni povu, na habari isiyo na swali ni orodha.

Mambo mawili yamelitikisa mazungumzo hayo. La kwanza ni mwamuzi wa video, aliyeingizwa rasmi katika sheria za kandanda mwaka 2018 na kutumiwa katika Kombe la Dunia huko Urusi mwaka huohuo. Mstari huchorwa juu ya picha, na kidole cha mguu kikiwa kimetangulia kwa upana wa ukucha, bao hufutwa. Hakuna ubaya katika kutafuta usahihi, na aliyewahi kunyimwa haki na jicho la mwamuzi atashukuru. Lakini katika utaratibu huo mchezaji haulizwi tena lolote. Ukweli umehamishwa kutoka kwa mwenye mkono hadi chumba cha mbali, na pamoja nao umehamishwa ule wajibu uliomlea Camus.

La pili ni zito zaidi, nalo ni kamari ya simu. Kufikia mwaka 2019 suala hilo lilikuwa limekuwa kubwa nchini Kenya kiasi kwamba serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa. Hasara ya fedha huzungumzwa sana, na inastahili kuzungumzwa. Hasara ya fikra hutajwa kwa nadra. Orodha ya ubashiri imepewa na vijana jina la mkeka, na mkeka huo umetandikwa palepale ulipokuwa ule wa baraza. Mtu aliyeweka fedha juu ya idadi ya mabao hana nafasi ya kuuliza kwa nini bao lilifungwa. Swali lake ni moja: mangapi? Kwake mpira uliopita juu ya mkono na uliopita chini yake ni sawa, ilimradi hesabu itimie. Kile kikwazo cha hiari alichokieleza Suits kimekuwa kero, na njia ngumu imekuwa ucheleweshaji wa matokeo.

Badiliko la swali kutoka “kwa nini” hadi “mangapi” halikuanzia kwenye kandanda, wala halikuishia huko. Mwanafunzi wa fasihi anayeisoma riwaya ili apate idadi ya dhamira zitakazomvusha katika mtihani ana mkeka wake. Mhakiki anayehesabu tamathali za usemi na kufunga kitabu ana wake pia. Wote wawili wanataka mpira uwe ndani ya lango na hawajali umefikaje. Uhakiki unaostahili jina lake hukaa karibu na tukio lenyewe. Huuliza ni upeo gani kazi hii ilijiwekea, kama mtunzi aliruka, na kama angeruka angeufikia. Hayo ni maswali ambayo hayajibiwi kwa rula ya chuma, na yasiyoweza kuachiwa mwenye mpira ayajibu peke yake. Yanahitaji watu walioketi pamoja, wanaotofautiana, na ambao miongoni mwao yuko anayeweza kusema mbele ya wenzake, pasipo kulazimishwa, kwamba lile lilikuwa bao.